Jina la Zollo: Uhalifu, Toba na Hadithi za Mfululizo jijini Nairobi

Utangulizi

Historia ya masimulizi ya uhalifu jijini Nairobi imezoeleka kuandikwa kama historia ya riwaya. Mhakiki huanza na Charles Mangua na Son of Woman (1971), akapitia kwa Meja Mwangi na Kill Me Quick (1973), kisha akafika kwa John Kiriamiti na My Life in Crime (1984). Katika mpangilio huo hadithi za picha hupewa nafasi ya tanbihi: hutajwa kama burudani ya vijana wa shule, kisha huachwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tanbihi hiyo inastahili kupandishwa hadi ndani ya matini, kwa kuwa suala zito kuliko yote katika riwaya hizo, yaani suala la toba ya mhalifu, haliwezi kueleweka barabara bila kuzingatia hadithi za picha zilizozitangulia na zile zilizozifuata.

Suala lenyewe linaweza kuelezwa kwa maneno machache. Hadithi ya mfululizo huishi kwa kurudi. Toleo la leo humfanya msomaji alitamani la wiki ijayo. Mpelelezi hurudi, adui wake hurudi, na bunduki nayo hurudi. Toba, kwa upande wake, ni kuacha. Mhalifu akitubu kikweli hana tena la kurudia, na mwandishi wake hana tena toleo la kuuza. Kwa hiyo mfululizo wa uhalifu unaotafuta toba hubeba mgogoro ndani ya umbo lake: fani inavuta huku na maudhui yanavuta kule. Namna kila kizazi cha watunzi na wasomaji wa Nairobi kilivyojaribu kuutatua mgogoro huo ndiyo mada ya makala haya.

Toba kama Kipimo cha Uhakiki

Kabla ya kuiingia historia yenyewe, inafaa kipimo kiwekwe wazi. Msomaji wa Kiswahili halijui neno toba kama hisia ya majuto peke yake. Katika mafunzo ya Kiislamu yaliyolilea neno hili pwani, toba ina masharti: mtu aliache kosa, alijutie, aazimie kutolirudia, na ikiwa amemdhulumu mtu mwingine, amrudishie haki yake au amwombe radhi. Mafundisho ya Kikristo nayo yanaye Zakayo mtoza ushuru, aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowapunja. Katika mapokeo yote mawili toba haikamiliki ndani ya kifua cha mkosaji. Ni lazima itoke nje, imfikie aliyekosewa.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kulitafakari jambo hili mapema. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), Hasidi na Mwivu wanajaribu kumwangamiza ndugu yao kwa sababu ya husuda, nao wanageuzwa manyani. Adili analazimika kuwapiga kila usiku, na kila akiisha kuwapiga huwalisha na kuwaliwaza. Adhabu hiyo, hata ikirudiwa mara ngapi, haiwaletei wokovu. Wokovu unakuja pale Mfalme Rai anapoingilia kati na kutaka ukatili huo ukome. Hapa Shaaban Robert ametoa fundisho linalopita ngano aliyoichota katika Alfu Lela Ulela: adhabu peke yake inaweza kuwa mfululizo usio na mwisho, na mkosaji hawezi kurudi katika utu wake mpaka jamii, kwa kinywa cha mwenye mamlaka, ikubali arudi. Masharti haya, yaani kukiri, kuacha, kurudisha haki na kupokewa, ndiyo yatakayotumika hapa chini kuzipima hadithi husika.

Mpelelezi wa Picha na Mhalifu Asiye na Kesho

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 gazeti la picha lililoitwa African Film lilisomwa katika miji mingi ya Afrika, Nairobi ikiwa mojawapo. Lilitolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey. Hadithi yake haikuchorwa kwa mkono. Ilipigwa picha kama sinema iliyogandishwa, na maneno yakawekwa juu ya picha. Shujaa wake, Lance Spearman, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi, alivaa suti na kofia, akavuta sigara kubwa na kuendesha gari la kifahari. Aliandamana na Kapteni Victor, Sonia na kijana Lemmy. Waandishi wake waliujenga mji ambamo mpelelezi ni Mwafrika, mkuu wa polisi ni Mwafrika na jambazi pia ni Mwafrika. Ikikumbukwa kwamba kampuni hiyo ilikuwa na mizizi Afrika Kusini wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa umeshamiri, mji huo wa kubuni ulikuwa na maana kubwa kwa wasomaji wake.

Hata hivyo, kwa upande wa toba, African Film haikuwa na la kusema. Maadui wa Spearman walikuwa waovu kwa asili. Hawakuwa na utoto wala njaa, wala mama aliyewangoja nyumbani. Waliingia katika picha wakiwa wameshika bastola, wakatoka wakiwa maiti au wafungwa, na yule aliyekuwa na mvuto kwa wasomaji alitoroka ili arudi toleo jingine. Miongoni mwa maadui hao alikuwamo mmoja mwenye jina lililobaki katika kumbukumbu za wasomaji, naye ni Zollo. Jina hili litarejewa.

Upungufu huo haukuwa wa African Film peke yake. Nchini Tanzania Faraji Katalambulla, ambaye Simu ya Kifo yake (1965) ni miongoni mwa riwaya za mwanzo za upelelezi katika Kiswahili, alikuwa pia mtu wa magazeti ya hadithi za picha kwa kupitia Film Tanzania. Elvis Musiba naye alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), riwaya ambayo sehemu ya matukio yake yanatendeka Nairobi. Adui wa Gamba ni wakala wa maadui wa ukombozi wa Afrika. Mtu wa namna hiyo hatazamiwi kutubu, anatazamiwa kushindwa. Uhalifu unapokuwa usaliti wa taifa, toba hugeuka kuwa anasa ambayo hadithi haiwezi kuigharamia.

Chanzo cha mkazo huu kinapatikana pia nje ya Afrika. Nchini Marekani gazeti la katuni Crime Does Not Pay lilianza mwaka wa 1942 chini ya uhariri wa Charles Biro na Bob Wood. Jina lake lilitangaza kwamba uhalifu haulipi, lakini kurasa zake zilijaa anasa na damu ya wahalifu, na adhabu ilibanwa katika picha chache za mwisho. Malalamiko ya wazazi na maandishi ya daktari wa akili Fredric Wertham yaliwafanya wachapishaji wajiwekee kanuni mnamo 1954. Kanuni hiyo iliagiza kwamba uhalifu usisimuliwe kwa namna inayomfanya msomaji amhurumie mhalifu, na kwamba katika kila hadithi wema ushinde na mkosaji aadhibiwe. Crime Does Not Pay lilifungwa mwaka wa 1955. Miaka mitatu baadaye Bob Wood mwenyewe alimuua mwanamke katika hoteli moja jijini New York, akafungwa. Mtu aliyeuza fundisho kwa miaka mingi hakuokolewa nalo.

Jambo la kuzingatia katika kanuni ya 1954 ni lile ililolikataza bila kulitaja. Kwa kupiga marufuku huruma, ilipiga marufuku pia toba, kwa kuwa hakuna awezaye kusimulia majuto ya mtu bila kumfanya msikilizaji amhurumie. Watunzi wa African Film hawakuwa chini ya kanuni hiyo, lakini walirithi umbo lililokwisha kutengenezwa: picha ya mwisho ni ya pingu au ya kaburi.

Jina Linatoka Ukurasani

Katika miaka ileile ambayo African Film lilikuwa likisomwa Nairobi, kijana mmoja wa Murang'a aliyezaliwa mwaka wa 1950 alikuwa akijifunza kazi ya kuchopoa mifukoni katika mitaa ya jiji. John Kiriamiti aliingia shule ya Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, na masomo yake yakakatika kufuatia mgomo wa wanafunzi. Kutoka uchopozi alipanda hadi ujambazi wa kutumia bunduki. Alikamatwa Januari 1971, akahukumiwa mwaka huohuo kifungo cha miaka 20 na viboko 48. My Life in Crime, aliyoiandika gerezani, ilitoka katika mkondo wa Spear Books mnamo 1984, mwaka ambao yeye mwenyewe aliachiliwa.

Katika kitabu hicho jambazi anajulikana kwa jina la Jack Zollo.

Wahakiki wengi wamelipita jina hili kama lakabu ya kawaida ya mtu wa magendo. Lakini kwa msomaji wa miaka ya mwanzo ya 1970 halikuwa jina geni. Lilikuwa limekwisha kuchapishwa katika picha kama jina la adui wa Spearman. Usomaji unaoyaweka majina haya mawili pamoja unafungua mlango uliofungwa na historia ya riwaya peke yake. Katika vita vya picha kati ya mpelelezi mwenye suti na jambazi anayekimbia, simulizi ya Kiriamiti inasimama upande ambao watunzi wa picha waliunyima nafsi. Zollo wa ukurasani hakuwa na moyo. Zollo wa My Life in Crime anao, na anausema kwa nafsi ya kwanza.

Badiliko hili la nafsi ndilo lililoiwezesha toba kuingia katika masimulizi ya uhalifu ya Nairobi. Picha huonyesha tendo. Inaweza kuonyesha mtu akipiga, akikimbia au akianguka, lakini ni vigumu ionyeshe mtu akighairi. Kughairi hutokea ndani, tena polepole, na hakuna sura inayolibainisha. Nafsi ya kwanza ya maandishi inayo nafasi hiyo. Inaweza kuchelewa, ikarudi nyuma, ikajihoji. Ndiyo maana toba ya Nairobi ilihama kutoka gazeti la picha hadi riwaya ya maungamo. Kiriamiti hakubaki peke yake. John Kiggia Kimani alitoa Life and Times of a Bank Robber (1988) na Prison is Not a Holiday Camp (1994). Benjamin Garth Bundeh alitoa Birds of Kamiti (1991). Charles Githae alitoa Comrade Inmate (1994). Ulikuwa umezaliwa mfululizo wa aina nyingine, ambao shujaa wake ni mfungwa na ambao kila kitabu chake ni ungamo.

Lakini kipimo cha toba hakitosheki na ungamo. Sehemu kubwa ya My Life in Crime ni utamu wa uhalifu wenyewe: ujanja, mbio, fedha, majina ya mitaa na baa. Majuto yanakuja, ila yanakuja kwa sauti ndogo kuliko milio ya risasi. Mtu anaweza kukisoma kitabu hicho kwa hamu ileile iliyowapeleka vijana kwa African Film, na kwa hakika wengi walikisoma hivyo. Hapo Kiriamiti yuko karibu zaidi na Crime Does Not Pay kuliko ambavyo wasifu wake wa baadaye ungependekeza. Amekiri na ameacha. Suala la kurudisha haki bado.

Milly na Haki ya Aliyedhulumiwa

Jibu la Kiriamiti kwa suala hilo lilikuja mwaka wa 1989 katika My Life with a Criminal: Milly's Story. Maisha yaleyale yanasimuliwa upya, safari hii kwa sauti ya mwanamke aliyempenda Jack Zollo bila kujua kazi yake. Hakuna wizi mpya unaohitajika ili kitabu hiki kiwepo, na hapo ndipo ulipo ugunduzi wake wa kifani. Mfululizo unaendelea, lakini uhalifu hauendelei. Kinachorudi ni tukio lilelile likiwa limeangaliwa na mtu aliyeumizwa nalo.

Hili ni suluhisho la kweli la mgogoro uliotajwa mwanzoni. Mwandishi wa mfululizo hana haja ya kumrudisha mhalifu katika uhalifu iwapo anaweza kuwarudisha waathiriwa wake mmoja mmoja katika usimulizi. Toleo la pili huwa ndiyo malipo ya la kwanza. Yale yaliyosimuliwa kama ushujaa katika My Life in Crime yanageuka katika Milly's Story kuwa uongo wa mezani na usiku wa kungoja.

Pamoja na hayo, mhakiki hana budi kuuliza swali gumu zaidi. Sauti ya Milly imeandikwa na mkono wa Kiriamiti. Aliyekosa ndiye aliyemtungia aliyekosewa maneno ya kulalamika, na ndiye aliyeamua Milly asamehe nini na asisamehe nini. Je, mdeni anaweza kujiandikia stakabadhi ya deni lake? Wahakiki wa kike wana haki ya kushuku. Lakini shaka hiyo haifuti thamani ya jaribio lenyewe. Ukilinganisha na riwaya nyingi za uhalifu za wakati huo, ambamo mwanamke ni pambo la baa au chambo cha jambazi, Milly's Story inamlazimisha msomaji wa kiume akae kwa kurasa nyingi ndani ya nafsi ya mtu aliyedanganywa. Haki haikurudishwa yote, ila deni limekubaliwa hadharani.

Son of Fate (1994) iliendea sharti la mwisho, yaani kupokewa. Adams Wamathina ametoka gerezani, na taabu yake ni kupata riziki katika jiji lisilomtaka. Mfululizo umehama kutoka swali la kama mhalifu atabadilika hadi swali la kama jiji litabadilika. My Life in Prison (2004) iliirudia baadaye miaka ile ambayo kitabu cha kwanza kiliiruka. Kwa hiyo vitabu hivi vikisomwa pamoja vinaunda safari moja: tendo, aliyetendwa, mlango wa jiji, na gereza. Ni safari ambayo African Film halikuweza kuifikiri.

Sheria na Pumzi ya Kutubu

Jambo moja la kihistoria hufunikwa na mjadala wa fani, nalo ni kwamba Kiriamiti aliandika kwa sababu aliishi. Alihukumiwa mwaka wa 1971 kifungo na viboko. Baadaye katika muongo huohuo sheria ya Kenya ilikazwa hata wizi wa kutumia nguvu ukawa na adhabu moja tu, kifo. Kijana ambaye angetenda miaka michache baadaye yale aliyoyatenda Kiriamiti angekabiliwa na hukumu isiyoacha nafasi ya kitabu cha pili. Viboko vilifutwa katika sheria mwaka wa 2003. Mwaka wa 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliona kwamba ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji unakiuka katiba kwa kuwa unamnyima hakimu nafasi ya kumsikiliza mkosaji. Mahakama hiyo ilifafanua baadaye kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la mauaji peke yake.

Kwa mhakiki wa fasihi, maneno hayo ya kisheria yana uzito wa kinadharia. Adhabu ya lazima ni sawa na ile kanuni ya katuni ya 1954: mwisho umeamuliwa kabla hadithi haijasimuliwa. Kumpa mkosaji nafasi ya kueleza hali yake kabla ya hukumu ni kumpa nafsi ya kwanza.

Tena hukumu ya mahakama haikuwa ndiyo hatari ya pekee. Wengi waliuawa kabla ya kufikishwa kizimbani, kwa risasi za polisi au kwa mawe na moto wa umati. Ripoti ya Philip Alston kwa Umoja wa Mataifa mwaka wa 2009 ilieleza mauaji yaliyofanywa na polisi wa Kenya nje ya sheria. Katika historia ya jiji hakuna mtu anayeudhihirisha utata huu kuliko Patrick Shaw, polisi wa akiba aliyekufa mwaka wa 1988. Usiku alikuwa mwindaji wa majambazi aliyeogopwa kote Nairobi. Mchana alikuwa msimamizi katika Starehe Boys' Centre, shule iliyoanzishwa mwaka wa 1959 na Geoffrey Griffin na wenzake kwa ajili ya wavulana maskini. Mtu huyohuyo alisimama kwenye milango miwili: mmoja wa kumwokoa mtoto kabla hajakosa, mwingine wa kumaliza aliyekwisha kukosa. Kati ya milango hiyo hapakuwa na wa tatu. Riwaya za maungamo zilikuwa jaribio la kuutoboa mlango huo wa tatu ukutani.

Woodley: Mahali pa Kurudi

Toba ina anwani. Anayetubu hurudi mahali fulani, kwa majirani fulani. Kwa hiyo inafaa mjadala huu ushushwe mpaka katika mtaa mmoja. Woodley, ulio kando ya Barabara ya Ngong, ni mtaa uliokuwa wa Baraza la Jiji, uliojengwa kabla ya uhuru kwa ajili ya Wazungu, ukachukua jina la meya wa Nairobi ya kikoloni. Baada ya uhuru uliwapata wapangaji Waafrika, na jina la Joseph Kang'ethe likaingia katika ramani yake. Upande wake mmoja ni Adams Arcade na njia ya kuelekea Kilimani. Upande wa pili ni Kibera, ardhi waliyopewa askari wa Kinubi wa jeshi la kikoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini, ambayo baadaye ilijaa vibanda vya wafanyakazi wa jiji. Katikati liko soko la Toi, ambako nguo za mitumba hukutanisha wanunuzi wa pande zote. Mahakama ya Kibera nayo haiko mbali, na humo kesi za wizi wa kutumia nguvu kutoka vitongoji vya magharibi husikilizwa.

Kwa mtaa wa namna hii, mpelelezi wa picha na jambazi wa maungamo si burudani tupu. Mwenye nyumba yenye ua na lango humsoma Zollo kwa hofu, kwa maana ndiye anayeweza kuruka ukuta wake. Kijana wa ng'ambo ya soko humsoma kwa utambuzi, kwa maana shule iliyomkatikia Zollo imemkatikia naye. Wawili hao hununua shati katika soko moja. Fasihi inayowataka wote wawili waisome hadithi moja na kuyajali matokeo yake inawadai zaidi ya fasihi inayompa kila mmoja adui wake. Vitisho vya Nairobi vya katikati ya miaka ya 1990, enzi ya akina Wanugu, vilimfanya mwenye nyumba asitake kusikia neno toba. Hofu yake ilikuwa ya haki. Lakini kijana aliyefunguliwa gereza siku hiyohiyo alikuwa akirudi ng'ambo ya uzio wake, na hakuwa na mahali pengine pa kurudi. Adams Wamathina wa Son of Fate ni swali linaloulizwa kwenye uzio huo.

Kurudi kwa Picha

Wakati riwaya za maungamo zikienea, hadithi za picha hazikulala. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha gazeti la Joe mwaka wa 1973, nalo likaishi hadi 1979 likimcheka mkubwa na mdogo wa Nairobi kwa pamoja. Mwaka wa 1996 Gado alitoa Abunuwasi kwa Kiswahili kupitia Sasa Sema, akathibitisha kwamba mjanja wa ngano za pwani anaweza kukaa katika kitabu cha katuni bila kupoteza ladha yake. Abunuwasi ni mkosaji wa namna ya pekee: anavunja kanuni za wenye nguvu, na msomaji humsamehe kabla hajaomba.

Urithi huo ndio uliojitokeza mwaka wa 2010 katika Shujaaz, gazeti la katuni la Nairobi lililoandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure, pamoja na gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, amemaliza shule na hana kazi. Badala ya kushika bunduki anaunda kituo cha redio kisicho na leseni, akajificha nyuma ya jina la DJ B na kuwazungumzia vijana juu ya riziki, kilimo, uchaguzi na afya. Gazeti hilo lilizaliwa miaka miwili baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa ikijiuliza jinsi jirani aliyemtendea jirani mwenzake ubaya angerudi kukaa naye.

Mtu anaweza kusema kwamba Shujaaz si hadithi ya uhalifu. Kwa jicho la historia iliyoelezwa hapa, ndiyo. Boyie ana lakabu kama alivyokuwa nayo Zollo. Anajificha kama Zollo alivyojificha, na kwa mujibu wa sheria naye ni mkosaji. Tofauti ni kwamba kosa lake lenyewe ndilo huduma yake. Watunzi wameutatua mgogoro wa mfululizo kwa njia mpya: kinachorudi kila mwezi si uhalifu wala majuto, ni manufaa. Boyie anaweza kurudi daima bila kumdhuru mtu. Hata lugha inashiriki katika suluhisho hili. Spearman na Zollo walisemeshwa Kiingereza, na Kiriamiti aliungama kwa Kiingereza. Sheng, ambayo kwa muda mrefu ilishukiwa kuwa lugha ya wahuni na wachopozi, inapewa katika Shujaaz kazi ya kufundisha na kushauri. Lugha iliyoshtakiwa imeachiliwa.

Hata hivyo suluhisho hili nalo lina gharama. Boyie hana wa kumwomba radhi. Kwa kuwa hajamdhuru mtu, masharti mazito ya toba hayamgusi, na msomaji aliyekwisha kumdhuru mtu hajioni ndani yake. Shujaaz ni mlango wa Starehe, wa kumwahi kijana kabla hajaanguka. Yule aliyekwisha kuanguka bado anamhitaji Kiriamiti.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hadithi za picha na riwaya za uhalifu jijini Nairobi ni historia moja. African Film lilitoa jina la Zollo na kumnyima nafsi. Kiriamiti alilichukua jina hilo kizimbani na gerezani, akalipa sauti ya kukiri, kisha kwa kupitia Milly akajaribu kuilipa sauti ya aliyedhulumiwa, na kwa kupitia Adams Wamathina akaugonga mlango wa jiji. Shujaaz liliirudisha picha mikononi mwa vijana, likiwa na shujaa anayerudi bila kudhuru.

Bado pana nafasi tupu katika rafu hii. Hakujatokea mfululizo wa picha kwa Kiswahili ambamo mhalifu wa Nairobi anakiri, anaacha, anarudisha na kupokewa, huku waliodhulumiwa wakisema kwa kalamu zao wenyewe. Mbinu ziko tayari: jicho la picha, nafsi ya kwanza ya maungamo, usimulizi unaozunguka toka kwa mkosaji hadi kwa mkosewa, na lugha inayosomwa pande zote mbili za soko la Toi. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti wanaweza kuanza kwa kuzikusanya nakala za African Film zilizosalia katika makabati ya watu kabla hazijaliwa na mchwa, kwa maana Zollo wa picha hajapata bado mhakiki wa kumsoma sambamba na yule wa riwaya. Hasidi na Mwivu walipigwa kila usiku, na hawakurudi kuwa watu mpaka mfalme alipotaka kujua kwa nini ndugu anawapiga ndugu zake. Fasihi ya uhalifu inayostahili jina hilo huanzia katika swali la mfalme yule.